Pensheni Haikatwi, Vyumba Vinakatwa: Mwongozo wa Kodi ya Mapato kwa Familia na Wastaafu wa Kasese na Bwera

Una watoto sita, wajukuu wawili wako kwako, na mama mzazi anaumwa kisukari. Wote unawalea kwa mshahara mmoja wa ualimu. Je, sheria ya kodi ya mapato ya Uganda inakupunguzia kiasi gani kwa mzigo huo? Hakuna hata shilingi moja.

Ni vizuri kulijua hili mapema, kwa sababu wengi wetu tuna jamaa Marekani wanaosimulia kwamba hurudishiwa fedha kwa sababu ya watoto, na kwamba jimbo wanaloishi lina kodi yake tofauti na ya nchi nzima. Kwao ni kweli. Kwetu kodi ya mapato ni moja kwa nchi yote, inakusanywa na Mamlaka ya Mapato, URA, iliyoundwa mwaka 1991. Mume hupimwa peke yake, mke peke yake. Fomu haina mahali pa kuandika idadi ya watoto.

Hata hivyo nafuu zipo, ila hazifuati ukubwa wa familia. Zinafuata chanzo cha fedha: mshahara una kanuni zake, pensheni zake, vyumba vya kupangisha zake, duka na kahawa zake. Pia kuna kodi unayokatwa kabla hujatangaza mapato, kwa mfano pale forodhani Mpondwe, ambayo sheria inakuruhusu kuiondoa kwenye deni lako la mwisho wa mwaka. Kwa maoni yangu hapo ndipo familia nyingi za mpakani hupoteza fedha: kodi wameshailipa, ila hawana karatasi yenye jina lao.

KWANZA, TENGANISHA FEDHA ZINAZOINGIA NYUMBANI

Chukua daftari. Andika kila fedha iliyoingia kuanzia tarehe 1 Julai ya mwaka jana hadi 30 Juni ya mwaka huu. Huo ndio mwaka wa kodi, na anayehesabu Januari hadi Desemba anaanza na makosa. Kisha iweke kila fedha kwenye fungu lake.

Sanduku la 1: Fedha zisizotozwa kodi ya mapato
- Pensheni.
- Malipo ya mkupuo kutoka mfuko wa hifadhi uliopo nchini, kama NSSF, yakienda kwa mwanachama au kwa wanaomtegemea.
- Mali uliyopewa zawadi au kurithi, mradi haikuja kama malipo ya kazi au biashara.
- Fedha ya matunzo inayotokana na amri ya mahakama au mapatano ya maandishi ya kutengana.
- Msaada halali wa masomo kwa mwanafunzi wa chuo kinachotambuliwa.
- Mshahara wa kazi ya mwanajeshi, polisi au askari magereza. Raia aliyeajiriwa kwenye ofisi za vyombo hivyo hayumo.

Ruzuku ya wazee wa miaka 80 na zaidi, zile shilingi 25,000 kwa mwezi, nayo usiihesabu kuwa mapato ya kutozwa. Fedha anazokutumia mwanao kwa simu ili ununue dawa ni zawadi. Tatizo huanza pale mtu anapopokea kwenye namba moja ya simu zawadi za watoto, kodi za wapangaji na mauzo ya duka. Akiulizwa miaka miwili baadaye, hawezi kuzitenganisha. Ukiweza, wapangaji walipie namba moja na watoto watumie nyingine.

MSHAHARA

Hapa kazi kubwa ni ya mwajiri. Anakata PAYE, yaani kodi ya mapato ya mshahara, kila mwezi na kuipeleka URA kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kazi yako ni kukagua kama amekata sawasawa. Viwango hivi vimekuwepo tangu Julai 2012, na kwa kuwa bajeti husomwa kila Juni, fungua redio siku hiyo usikie kama vimeguswa.

Sanduku la 2: PAYE kwa mwezi, mkazi wa Uganda
- Hadi 235,000: hakuna kodi.
- Zaidi ya 235,000 hadi 335,000: asilimia 10 ya kinachozidi 235,000.
- Zaidi ya 335,000 hadi 410,000: shilingi 10,000, pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 335,000.
- Zaidi ya 410,000: shilingi 25,000, pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi 410,000.
- Juu ya milioni 10: asilimia 10 zaidi kwa kile kinachozidi hapo.

Mfano: mshahara ni 600,000. Toa 410,000, inabaki 190,000. Asilimia 30 yake ni 57,000. Ongeza 25,000, unapata 82,000. Kama karatasi yako ya mshahara inaonyesha kodi kubwa kuliko hiyo na huna marupurupu mengine, uliza.

Uliza pia kuhusu kodi ya huduma za mtaa. Hii ni ya wilaya au manispaa na iliwekwa mwaka 2008, baada ya ile kodi ya kichwa, ambayo wazee wetu hawajaisahau, kusimamishwa mwaka 2005. Kwa mwenye mshahara ni kati ya 5,000 na 100,000 kwa mwaka kulingana na kipato, na hukatwa kwa awamu nne, Julai hadi Oktoba. Kiasi hicho hutolewa kwenye mshahara kabla ya kupiga hesabu ya PAYE. Tuseme ya kwako ni 40,000, yaani 10,000 kwa kila mmoja wa miezi hiyo minne. Mwenye 600,000 hapo juu atahesabiwa kodi kwa 590,000, na PAYE itashuka kutoka 82,000 hadi 79,000. Ni shilingi 12,000 kwa mwaka. Haijengi nyumba, lakini ni yako, na mhasibu asiyejua kanuni hii huiacha ipite kwa kila mfanyakazi wa ofisi yake.

Mwajiri akikulipia au kukurudishia gharama za matibabu, fedha hiyo haihesabiwi kuwa mshahara. Tunza risiti za hospitali zenye jina lako.

Ukiwa na mwajiri mmoja tu aliyekata kodi yote, na huna mapato mengine ya kutozwa, huhitaji kuwasilisha ritani, ile fomu ya kutangaza mapato ya mwaka. Ukipata mwajiri wa pili, au ukipangisha hata chumba kimoja cha uani na kodi ya wapangaji ikavuka kizingiti utakachokiona hapa chini, msamaha huo umekwisha.

MSTAAFU

Katika miji yetu kuna walimu, wauguzi na wafanyakazi wa halmashauri, na wale waliozeekea Kilembe, mgodi uliochimba shaba kuanzia 1956 hadi 1982. Swali lao ni moja: serikali itakata pensheni yangu?

Haikati. Pensheni imesamehewa. Fedha za NSSF nazo hutoka bila kodi ya mapato kwa sababu kodi ilishalipwa njiani: ile asilimia 5 unayochangia hukatwa kwenye mshahara ambao tayari umetozwa PAYE. Mwajiri huongeza asilimia 10. Mafao ya uzee huchukuliwa ukifika miaka 55, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuomba mapema hadi asilimia 20 ya akiba yake.

Wastaafu hukwama kwenye fedha nyingine zinazofika siku zilezile za kuagwa. Kiinua mgongo cha mkataba, ambacho mashirika mengi hulipa mkataba ukiisha, ni mapato ya ajira na kinatozwa. Fidia ya kuachishwa kazi nayo inatozwa, ila aliyemtumikia mwajiri huyo miaka 10 au zaidi huhesabiwa asilimia 75 tu ya fidia, na robo inasamehewa. Kabla ya kusaini fomu ya malipo ya mwisho, fanya hivi:

1. Omba mchanganuo wa maandishi: pensheni ni kiasi gani, kiinua mgongo kiasi gani, likizo ambazo hukuzichukua kiasi gani, fidia kiasi gani. Jumla peke yake haitakusaidia.
2. Angalia kila mstari umekatwa nini. Mstari wa pensheni usiwe na makato ya PAYE.
3. Kama umetumika miaka 10 au zaidi na unalipwa fidia, hakikisha robo imetolewa kabla ya kodi.
4. Chukua nakala yenye mhuri, ipige picha, na mtumie mwanao picha hiyo. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, na maji hayachagui kabati la faili.

Baada ya hapo fedha ya kustaafu hugeuka kuwa kitu kingine, na kitu hicho kina kodi yake. Ukiiweka benki, riba hukatwa asilimia 15 na shauri limekwisha. Ukinunua dhamana za serikali, riba hukatwa asilimia 20, na asilimia 10 kwa dhamana za miaka 10 au zaidi. Ukijenga vyumba, soma sehemu inayofuata polepole. Wastaafu wengi wa Kasese huishia hapo.

VYUMBA VYA KUPANGISHA

Mtu binafsi anayepangisha hutozwa asilimia 12 ya kodi ya pango inayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Kanuni hii ilianza Julai 2022. Zamani uliruhusiwa kupunguza sehemu kwa ajili ya gharama. Sasa rangi, mabati, fundi bomba na mlinzi havimo kwenye hesabu. Kinachopimwa ni kodi ya pango yote.

Vyumba vinne Bwera, kila kimoja 80,000 kwa mwezi:

80,000 × 4 × 12 = 3,840,000
3,840,000 − 2,820,000 = 1,020,000
Asilimia 12 ya 1,020,000 = 122,400 kwa mwaka

Vikiwa vitatu: 2,880,000 kwa mwaka, kinachozidi ni 60,000, kodi ni 7,200. Vikiwa viwili hufiki kizingiti.

Ona tofauti ya chumba kimoja. Kwa hiyo miezi ambayo chumba kilikaa kitupu ina thamani, mradi umeiandika. Mpangaji aliyehama mwanzoni mwa Februari na mwenzake akaingia mwanzoni mwa Mei amekuachia miezi mitatu isiyo na kodi ya pango. Bila daftari, ofisa atachukua vyumba vinne mara miezi 12, na hutakuwa na la kumjibu.

Na kama nyumba ni ya mume na mke? Kila mtu hupimwa kwa mapato yake, kwa hiyo kila mwenye sehemu halisi ya nyumba hupimwa na kizingiti chake. Nyumba ya vyumba vinne inayomilikiwa na wawili nusu kwa nusu inampa kila mmoja 1,920,000, na hakuna anayevuka. Sharti ni umiliki wa kweli: majina yote mawili yawe kwenye makubaliano ya kununua kiwanja au kwenye hati, na fedha ziwafikie wote wawili. Kumwandika mke au mtoto kwenye karatasi huku fedha zote zinaingia mfukoni mwako ni jambo ambalo sheria inampa Kamishna wa URA uwezo wa kulirekebisha. Mimi ningeshauri majina mawili hata kama kodi isingekuwepo. Mjane ambaye jina lake limo kwenye hati ana pa kusimama shemeji wakija.

Usichanganye kodi hii na ile ya majengo inayotozwa na manispaa au halmashauri ya mji. Hiyo hupimwa kwa thamani ya jengo, na nyumba unayoishi mwenyewe imesamehewa tangu 2006. Mstaafu anayeletewa dai la nyumba anayolala aulize kwanza imeandikishwa kama nyumba ya makazi au ya biashara.

DUKA, SHAMBA NA MPAKA

Biashara yenye mauzo ya chini ya milioni 150 kwa mwaka hutozwa kwa mauzo, haihitaji hesabu ndefu za faida. Shamba ni biashara pia, ikiwemo kahawa ya Kyarumba na pamba ya bondeni. Daktari, wakili, mhasibu, mhandisi na mkandarasi wa ujenzi hawamo katika utaratibu huu. Wao hutozwa kwa faida. Ukivuka milioni 150, tafuta mhasibu, mwongozo huu hautakutosha.

Sanduku la 3: Kodi ya mwaka ya mfanyabiashara mdogo
- Mauzo hadi milioni 10: hakuna kodi.
- Zaidi ya milioni 10 hadi 30: bila kumbukumbu 80,000, mwenye kumbukumbu, asilimia 0.4 ya kinachozidi milioni 10.
- Zaidi ya 30 hadi 50: bila kumbukumbu 200,000, mwenye kumbukumbu, 80,000 na asilimia 0.5 ya kinachozidi milioni 30.
- Zaidi ya 50 hadi 80: bila kumbukumbu 400,000, mwenye kumbukumbu, 180,000 na asilimia 0.6 ya kinachozidi milioni 50.
- Zaidi ya 80 hadi 150: bila kumbukumbu 900,000, mwenye kumbukumbu, 360,000 na asilimia 0.7 ya kinachozidi milioni 80.

Mama mwenye kibanda cha vitenge aliyeuza milioni 12 kwa mwaka hulipa 80,000 kama hana daftari. Akiwa nalo hulipa 8,000. Mara kumi! Mwenye duka la milioni 36 hulipa 200,000 bila daftari, na 110,000 akiwa nalo. Sijui nafuu nyingine yoyote katika sheria hii inayopatikana kwa kalamu na daftari la kaunta. Andika mauzo ya kila siku, manunuzi, na risiti uzibane kwa mwezi. Zitunze miaka mitano.

Jumlisha biashara zako zote. Kahawa ya milioni 7 na duka la milioni 6 ni milioni 13, umeshavuka kizingiti.

Sasa tuje Mpondwe, siku ya soko, Jumanne au Ijumaa. Bidhaa zinazoingia kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, kwa njia ya forodha hukatwa, pamoja na ushuru mwingine, asilimia 6 ya thamani kama kodi ya mapato ya mapema, isipokuwa kwa bidhaa na waagizaji waliosamehewa. Watu huilipa, huinung'unikia, na huisahau. Wanaichukulia kama ada ya kupita geti. Kumbe ni malipo ya awali ya kodi yako ya mwaka: mwisho wa mwaka unaidai iondolewe kwenye deni, hata kama wewe ni mfanyabiashara mdogo wa kwenye Sanduku la 3.

Hesabu: umeingiza mzigo uliothaminiwa milioni 3. Asilimia 6 ni 180,000. Kodi yako ya mwaka kwa duka la milioni 36 lenye daftari ni 110,000. Hudaiwi kitu, na kuna 70,000 zilizozidi ambazo unaweza kuomba zirudishwe.

Hapa ndipo fedha hupotelea. Wafanyabiashara watano hukodi lori moja, na wakala wa forodha anaandika mzigo wote kwa TIN (namba ya mlipa kodi) moja, ya mmoja wao au ya mtu wasiyemjua. Asilimia 6 yote inaingia kwenye akaunti ya huyo mwenye TIN. Wanne wengine wamelipa na hawana cha kudai. Fanya hivi:

1. Kabla mzigo haujavuka mto Lhubiriha, mpe wakala TIN yako kwa maandishi na umwambie sehemu yako iandikwe kwa jina lako.
2. Kabla ya kulipa, soma karatasi ya tathmini: TIN, thamani, na mstari wa asilimia 6.
3. Baada ya kulipa, chukua nakala ya tamko la forodha na risiti ya malipo. Risiti ya wakala peke yake haitoshi.
4. Mwisho wa mwezi ingia kwenye akaunti yako ya URA, au mwombe kijana wa nyumbani aingie ukiwa naye, uone kama kiasi kimeonekana.

Asilimia 6 hukatwa pia ukiuza bidhaa au huduma ya zaidi ya milioni 1 kwa wakala wa kukata kodi aliyeteuliwa, kwa mfano ofisi ya serikali au kampuni kubwa. Ukipeleka bidhaa kwenye taasisi ya namna hiyo ukalipwa pungufu, usigombane na mtunza fedha. Mdai cheti cha kodi aliyokata. Mwenye gari la abiria hulipa mapema 20,000 kwa kila kiti kwa mwaka, na mwenye gari la mizigo la tani 2 au zaidi hulipa 50,000 kwa kila tani. Taksi ya viti 14 ni 280,000, nayo hutolewa kwenye kodi ya mapato ya mwenye gari.

Vijana wanaoanza wana jambo la kuangalia zaidi. Sheria ya mwaka 2025 inampa raia anayeanzisha biashara mpya baada ya 1 Julai 2025, kwa mtaji usiozidi milioni 500, msamaha wa kodi ya mapato wa miaka mitatu. Kulibadilisha jina duka la baba hakulifanyi kuwa biashara mpya.

KUJIANDIKISHA NA KUWASILISHA

TIN ni bure. Tangu Julai 2025 sheria imefanya namba ya kitambulisho cha taifa itumike kama TIN ya mtu binafsi, kwa hiyo anayekudai fedha "za kukutengenezea TIN" anauza kitu ambacho tayari unacho. Kumlipa mtu wa kompyuta akusaidie kujaza si kosa, lakini nywila usimwachie, na barua pepe na simu ziandikwe zako, kwa sababu notisi zote zitakwenda huko.

Jihadhari na kipengele kimoja wakati wa kujiandikisha: utaulizwa vyanzo vya mapato. Watu huchukua TIN ili wanunue pikipiki au waandikishe kiwanja, kijana wa kompyuta anaweka alama kwenye "biashara" ili fomu ipite, na tangu siku hiyo mfumo unangoja ritani kila mwaka. Weka alama kwenye ulicho nacho tu. Biashara ikifa, wasilisha ya mwisho na uombe chanzo hicho kiondolewe.

Hatua za ritani:
1. Kusanya daftari, risiti, vyeti vya kodi iliyokatwa na karatasi za forodha za Julai hadi Juni.
2. Ingia ura.go.ug, au nenda ofisi ya URA na karatasi zako. Namba ya bure ya URA ni 0800117000.
3. Chagua ritani inayolingana na chanzo chako. Ya pango ni tofauti na ya biashara.
4. Jaza mapato, kisha jaza sehemu ya kodi iliyokwisha kukatwa. Sehemu hii ikiachwa wazi, nafuu yako yote ya Mpondwe imepotea.
5. Tuma, chapisha hati ya kupokelewa, kisha tengeneza namba ya malipo na ulipe benki au kwa simu. Usimpe mtu yeyote fedha taslimu akulipie.

Sanduku la 4: Tarehe
- 30 Septemba: makadirio ya mwaka unaoanza, na awamu ya kwanza.
- 31 Desemba, 31 Machi, 30 Juni: awamu tatu zinazobaki.
- 31 Desemba: ritani ya mwisho ya mwaka ulioisha Juni.

Usingoje wiki ya Krismasi. Mtandao huwa mzito, na vijana wa kompyuta wamekwenda vijijini kula sikukuu.

UKICHELEWA

Adhabu ya kuchelewesha ritani ni asilimia 2 ya kodi au shilingi 200,000 kwa kila mwezi, ile iliyo kubwa. Mkumbuke mwenye vyumba vitatu anayedaiwa 7,200: akilala miezi miwili, adhabu ni 400,000. Kuchelewa kulipa nako kuna riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kwa hiyo hata kama huna fedha leo, wasilisha ritani leo. Deni dogo linaweza kulipwa kwa awamu ukiandika na kuomba.

Mwenye deni la zamani asikilize habari za Bunge. Zaidi ya mara moja limesamehe riba na adhabu kwa anayelipa kodi ya msingi. Sheria ya 2025 ilihusu riba na adhabu zilizokuwepo hadi 30 Juni 2024, kwa aliyemaliza kodi ya msingi ifikapo 30 Juni 2026. Aliyelipa sehemu husamehewa kwa kadiri ya sehemu hiyo.

UKILETEWA MAKADIRIO USIYOKUBALIANA NAYO

Usiyachane, na usiende kubishana kwa mdomo ukarudi nyumbani ukidhani yamekwisha. Saa imeanza kuhesabu.

1. Andika tarehe uliyopokea notisi. Una siku 45 kuwasilisha pingamizi.
2. Pingamizi lieleze kiasi unachokubali, kiasi unachokataa, na sababu. Ambatisha picha za daftari, mikataba ya wapangaji, karatasi za forodha.
3. Kodi usiyoibishia, ilipe.
4. Kamishna ana siku 90 kutoa uamuzi. Usiporidhika, una siku 30 kwenda Baraza la Rufani za Kodi. Huko utatakiwa uwe umelipa asilimia 30 ya kodi inayobishaniwa, au ile usiyoibishia, ile iliyo kubwa.

Kwa dai la 122,400 la vyumba vinne, safari ya kwenye Baraza haina hesabu. Pingamizi la mwanzo ndilo linalostahili jasho lako, nalo halina ada.